Baraza la Ma Filo

Tangu turudi, Mchungaji Sipho ameshawasimulia nusu ya hadithi, tena ile nusu anayoipenda yeye: kwamba fundi Elia alitoka Durban akavuka bahari mbili kwenda kuezeka nyumba ya bibi mmoja kisiwani, akaja mwanamke na msumeno akaikata kazi yake mbele ya kadamnasi. Ni kweli, alikata. Ngazi nilimshikia mimi mwenyewe. Lakini kwa kuwa siku hizi siwezi kupita Pinetown bila mtu kunionyesha ishara ya msumeno kwa mkono, nimeona nikae chini niandike yote, ili anayecheka acheke akijua anachochekea.

Habari za fomu na tiketi naziruka, maana hakuna aliyewahi kufurahishwa nazo. Tulikwenda watu saba kutoka kanisa la Westville, lile linalotuazima ukumbi kwa ibada yetu ya Kiswahili. Wa kuwajua ni wawili tu. Mchungaji Sipho, Mzulu, mkuu wa msafara, mtu wa kucheka kabla hajamaliza sentensi. Na Maman Josée, Mkongo wa Bukavu, fundi cherehani wa Queensburgh, aliyechukuliwa kwa sababu ya Kifaransa chake. Mimi ni fundi wa mapaa, mzaliwa wa Kigoma, na nilichukuliwa kwa sababu ya nyundo.

Huko tulikokuwa tunakwenda kimbunga kilikuwa kimevua mapaa ya nyumba nyingi, na sisi tulipewa moja: ya Ma Filo, bibi anayekaribia miaka themanini, aliyekuwa akiishi chini ya turubai. Mwanawe Rufus anakaa ghorofani katika kisiwa kikubwa cha jirani. Alikuwa amempa mama yake siku: Jumamosi ile atakuja kwa boti ya mchana, na akikuta nyumba bado iko wazi anamchukua akaishi naye ghorofa ya nne. Sanduku la kuhamia alikuwa ameshamtumia. Ma Filo hakutaka kuhama. Basi kazi yetu ilikuwa na siku ya mwisho, na siku yenyewe ilikuwa na mtoto wa kiume ndani ya boti.

Durban hadi Johannesburg

Uwanja wa ndege wa Durban ulituchelewesha kwa sababu ya begi la Maman Josée. Lilikuwa limezidi uzito, na lilipofunguliwa yalionekana mambo: unga wa muhogo, dagaa wakavu, na kinu kidogo cha mbao pamoja na mchi wake.

"Maman, tunakwenda kusaidia watu," Mchungaji Sipho alisema, "si kufungua mgahawa."

"Pasteri, weye utakula nini kule? Mimi sijue batu ya kule banakulaka nini. Mutu hawezi kutumika na njaa."

Ili kinu kisafiri, baadhi ya vitu vyangu vilihamishwa. Skrubu, mikanda ya chuma ya kufungia kenchi, zile mbao zinazobeba paa, nyundo, pima maji, vyote vikaingia katika begi moja jeusi lililokwenda na mizigo ya chini. Nililitazama likipotelea kwenye mkanda nikaliaga vizuri, nashukuru, maana sikuliona tena mpaka safari ilipokwisha.

Paris, bila kukusudia

Ndege ya Johannesburg ilichelewa kuondoka, kwa hiyo tulipofika Paris ile ya kwenda visiwani ilikuwa imeshatuacha. Tukaambiwa tungoje mpaka kesho yake. Maman Josée akajifunga kitenge vizuri, akaenda dirishani kutusemea, akarudi amenuna.

"Nilisema naye Kifaransa ya heshima kabisa, na bonjour, na pardon. Ananijibu kama mutu mwenye niliamsha."

Tulishinda pale tukila mkate mgumu wenye jibini. Kiti cha pili kutoka kwangu alikaa nesi mmoja, mama mtu mzima, anayerudi visiwani kwao likizo. Akatuuliza tunakwenda kufanya nini. Mchungaji akamweleza kwa fahari. Yule mama akatikisa kichwa, akasema kwa Kiingereza polepole, "Vizuri. Lakini mkifika, salimieni kwanza. Mkiingia dukani, salimieni. Mkipanda basi, salimieni basi zima. Watu wanakuja kutusaidia na hawasemi hata habari za asubuhi."

Nilicheka moyoni. Kumfundisha Mtanzania kusalimia ni kumfundisha samaki kuogelea. Nikajisemea kwamba kisiwa hicho nitakiweza bila shida yoyote.

Boti

Tulitua kisiwa kikubwa, na kama nilivyokwisha dokeza, begi jeusi halikutua. Tukajaza karatasi, tukapewa namba ya kupiga, tukaenda bandarini. Bahari siku hiyo ilikuwa na hasira. Mchungaji Sipho, aliyekuwa ametutania sote tangu Durban, alishika ubao wa pembeni kwa mikono miwili na hakusema neno kwa saa mbili, isipokuwa "eish" kila boti iliposhuka. Maman Josée akamtafunisha tangawizi. Nakiri niliona raha kidogo.

Tulipofika, tukapanda basi dogo la kijijini. Niliingia wa kwanza nikatoa salamu yangu ya Kigoma kamili, ila kwa Kiingereza: habari za asubuhi, habari za nyumbani, watoto hawajambo, na poleni na kimbunga. Basi zima likaitikia. Bibi mmoja akanishika mkono akaanza kunijibu kweli, mtoto mmoja baada ya mwingine, na mguu wake, na mbuzi wake, mpaka tukapitiliza kituo tulichotakiwa kushuka. Tukarudi kwa miguu na mizigo, na kinu cha Maman nilikibeba mimi.

Jumapili hadi Alhamisi

Tulilala katika darasa la shule. Pale kijijini wanasema Kiingereza na Krioli yenye Kifaransa ndani yake. Maman Josée alikuwa akielewa neno moja kati ya matatu na kuyabuni mengine kwa ujasiri mkubwa.

Ma Filo alitupokea mlangoni, mfupi, mkavu, kofia ya majani kichwani. Sanduku la Rufus lilisimama palepale nyuma ya mlango, jipya, na karatasi ya duka bado inaning'inia. "Hilo mlipite tu," alituambia. "Mimi mwenyewe nalipita kila siku."

Alitulisha ndizi mbichi za kuchemsha na samaki wa chumvi, nami nikaomba sahani ya pili kwa sababu kilikuwa chakula cha nyumbani kwetu kabisa. Chini ya kiti chake alikuwa na beseni la mbaazi za kumenya. Mbaazi, jamani. Nimekwenda upande wa pili wa dunia kukuta mbaazi.

Kisa cha chakula kilikuwa kimoja tu. Siku ya Jumatatu Maman Josée aliona jirani akivuna mihogo na kutupa majani.

"Anatupa sombe!" akapiga kelele. "Elia, angalia dhambi hii!"

Akayaokota yote, akayatwanga kwa kile kinu, akayachemsha nusu ya siku pamoja na dagaa wake. Kijiji kikaja kutazama kwa hofu, kwa sababu wao majani yale wanayahesabu kuwa sumu. Ma Filo akampakulia Mchungaji Sipho sahani iliyojaa, akakaa mbele yake mikono mapajani, akamngoja afe. Ilipopita saa nzima na mchungaji anaomba nyongeza, bibi naye akachukua kijiko.

Kuhusu kazi. Fundi wa kijiji ni Kervina, mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mtengenezaji wa boti na nyumba, mtu wa maneno machache. Alipojua begi letu limepotea hakulaumu. Alinipa zana zake, akasema atakwenda kisiwa kikubwa kutafuta skrubu na mikanda mingine, na boti ya kurudi ni ya Ijumaa asubuhi. "Panga kenchi," akaniambia. "Weka mabati kiasi. Kufunga kabisa, ningoje." Akaondoka.

Nikapanda juu. Mbao zilikuwa nzuri, hali ya hewa nzuri, na Mchungaji akinipasia mbao huku anaimba. Hapa ndipo akili yangu ikaenda Kigoma. Mama yangu ana upenu wa futi tatu mbele ya nyumba yake, na maisha yake yote yako pale: kuchambua mchele, kusuka ukili, kupokea wageni, kugombana na kuku. Nyumba isiyo na upenu kwetu ni kasha. Nikamtazama Ma Filo anamenya mbaazi juani na ile kofia yake, nikaona huruma. Sikumwuliza mtu. Nikarefusha kenchi zikapita ukuta futi tatu, pande zote nne, nikagongea mabati upande wa mbele yaning'inie vizuri.

Kufika Jumatano alasiri palikuwa na kivuli. Ma Filo akatoka na kiti chake na beseni lake, akakaa. Akatazama juu kwa muda mrefu. "Unapenda?" nikauliza toka juu ya paa. Akasema, "Kinapendeza sana." Alhamisi alishinda pale kutwa, akasalimiana na kila apitaye, na mimi kule juu nilijiona fundi wa mafundi.

Ijumaa: msumeno

Boti ya asubuhi ilimleta Kervina na mfuko wa skrubu begani. Aliingia uani, akasimama. Akauweka mfuko chini polepole. Akazunguka nyumba mara moja, akarudi palepale.

"Nani kafanya hivi?"

"Mimi," nikasema, nikitegemea sifa.

"Umemjengea bibi mabawa."

Nikadhani ni mzaha. Hakuwa na mzaha. Akaweka kiganja chake chini ya upenu wangu, akausukuma kwenda juu. "Upepo unaingia hapa. Unakosa pa kutokea. Unainua. Ukishainua upenu, unachukua paa lote, na ukishachukua paa, kuta zinafuata. Hapa kwetu bati likipita ukuta zaidi ya kiganja, unamwita mauti." Hakuniambia jambo hilo Jumatatu kwa sababu kisiwani pale hakuna mtu mzima anayehitaji kuambiwa.

Nikabisha, sitaficha. Nikasema nimeezeka nyumba miaka ishirini, Kigoma na Pinetown, na hata Durban pepo zipo. Nikasema bibi mwenyewe amependa. Mchungaji Sipho akaingia katikati na mikono yake ya upatanishi. "Sharp, sharp, tutulie. Tumwulize mwenye nyumba."

Wote tukamgeukia Ma Filo. Alikuwa kwenye kiti chake, kivulini, na mbaazi moja mkononi ambayo alikuwa ameacha kuimenya.

"Kervina anasema kweli," akasema. "Marehemu mume wangu alinijengea kivuli kama hiki. Kilianza kuondoka chenyewe, kikaondoka na paa. Mabati tuliyaokota kwenye uwanja wa kriketi."

"Ma Filo! Mbona hukuniambia?"

"Nilijua Kervina akirudi atakikata. Nikasema, basi, nikae kidogo mpaka Ijumaa." Akatazama chini. "Na wewe ulikuwa mgeni, umefurahi. Sikujua kukata kunachukua siku nzima."

Nilishuka ngazi nikaenda nyuma ya nyumba peke yangu. Niliona aibu ambayo sijaiona tangu nikiwa mwanafunzi wa ufundi. Salamu nilizijua zote, za watoto na za mbuzi, lakini swali moja la maana sikuliuliza. Nilikuwa nimemjengea mama yangu, nikampandishia mama wa mtu mwingine, tena kesho mwanawe anakuja na sisi bado tuna paa la kukata. Waswahili walisema kuuliza si ujinga, nami nilikuwa nimewasikia maisha yangu yote bila kuwasikiliza.

Maman Josée akanifuata. "Weye utalia hapa ao utakuja kushika ngazi? Ile mama ya musumeno anakuaka na haraka."

Nikashika ngazi. Kervina akakata kenchi moja baada ya nyingine, vipande vinaanguka miguuni pangu, na majirani wamejaa uani kushuhudia, ndiyo sehemu ile Mchungaji anayoipenda. Tulipofika ya mwisho akaniachia msumeno. "Maliza mwenyewe," akasema, na nilielewa kwamba hakuwa ananisuta. Jioni kenchi zote zilikuwa zimefungwa kwa mikanda, na mabati yamekazwa kwa skrubu upande wa mbele na pembeni. Upande wa nyuma ulibaki wazi. Na kiti cha Ma Filo kilikuwa kimerudi juani.

Jumamosi

Kulipopambazuka nilisikia watu. Kwao iko desturi, sisi tungeiita msaragambo: nyumba ya mmoja ikikwama, wote wanakuja, na mwenye nyumba anapika. Mchungaji alikuwa amepanga Ma Filo apumzike, kwa kuwa yeye ndiye wa kusaidiwa. Bibi alimtazama kama mtu aliyetukanwa. "Wanijengee nyumba nami nimekaa?" Akawasha moto, yeye na Maman Josée, na safari hii majani ya mihogo yaliletwa na majirani wenyewe.

Saa tatu upande wa nyuma ulikuwa umekwisha. Mimi nilikuwa nakusanya vile vipande vilivyokatwa nivitupe, Kervina akanizuia.

"Kivuli anaweza kupata," akasema. "Lakini si hivyo ulivyofanya. Kinasimama chenyewe."

Akanionyesha. Baraza la pale lina nguzo zake na paa lake dogo, limesogea karibu na nyumba bila kuishika, hata msumari mmoja usivuke. Upepo ukija, uchukue baraza uache nyumba. Halifungwi kwa nguvu kupita kiasi. Kwa mikono yangu, iliyozoea kukaza kila kitu, kazi ile ilikuwa ngumu kuliko zote za wiki. Kila nikitaka kuongeza msumari Kervina anakohoa. Tukaunga vile vipande, majirani wakaleta nguzo, na kwa juu tukaweka yale mabati ya zamani ya marehemu, yaliyokuwa yamelala nyuma ya choo tangu yaokotwe uwanjani, tukayanyoosha kwa nyundo.

Boti ikapiga honi. Rufus akaja akipanda njia, mwanamume mnene, shati la kazini, uso wa mtu aliyejiandaa kwa ugomvi. Akasalimia wote, mmoja mmoja. Mama yake alikuwa barazani na beseni lake na hakuinuka.

Rufus akashika nguzo ya baraza, akaitikisa. Ikatikisika. "Hii imelegea," akasema.

"Inatakiwa ilegee," Ma Filo akajibu. "Katikise nyumba."

Akaenda. Alizunguka, akavuta kona, akaning'inia kabisa kwenye ukingo wa paa kwa uzito wake wote. Halikulia hata kidogo. Akahesabu mikanda. Akaingia ndani, akakaa humo kwa muda, kisha akatoka akaketi kwenye ngazi na kujifuta uso kwa mkono wa shati. "Mama, mimi nakuogopea," akasema. "Upepo ukivuma kule ghorofani mimi silali."

"Najua," Ma Filo akasema. "Menya mbaazi."

Akamenya. Jioni alipanda boti na lile sanduku, limejaa viazi vikuu na ndizi mbichi, linaburuzwa na watu wawili.

Nyumbani

Safari ya kurudi haikuwa na kisa. Begi jeusi lilinikuta Pinetown wiki tatu baadaye, zima, na kila skrubu ndani yake.

Hadithi yangu ingeishia hapo, na Mchungaji angebaki na msumeno wake. Lakini juma lililopita habari zikatangaza kimbunga kimepita visiwa vile. Nilipiga simu kwa Kervina, kimya. Maman Josée alikuwa akinipigia kila saa: "Iko sauti? Bado haiko sauti?" Siku mbili. Kazini nilikosea vipimo mara tatu, na usiniulize nilikuwa naona nini kila nikitazama bati.

Siku ya tatu nilikuwa nimesimama kwenye robot, taa za barabarani, pale Pinetown, gari limejaa mbao, ujumbe wa sauti ukaingia. Ulikuwa wa Ma Filo, kwa simu ya Kervina, anapiga kelele kama wanavyofanya wazee wasioamini kwamba simu inasikia.

"Fundi! Habari za asubuhi, habari za nyumbani, na mama yako hajambo? Baraza limekwenda. Lote. Mabati yapo uwanja wa kriketi, njia yameshaijua. Nyumba ipo. Nililala kitandani kwangu, sikulowa hata kitambaa. Rufus amepiga simu analia, nimemwambia alale. Sasa sikiliza. Nguzo Kervina amezipata, lakini nimemwambia asiguse. Kiti changu kiko juani. Ninakungoja wewe."

Taa ikawa kijani na sikuondoka. Taxi zote za Pinetown zikanipigia honi, na mimi nimelala kwenye usukani nalia na kucheka, sijui kipi kilianza. Kwa hiyo mkiniuliza nilijenga nini huko, jibu ni baraza, na halipo tena, na katika miaka ishirini ya ufundi sijawahi kujenga kitu kikafanya kazi yake vizuri namna ile.